Shajara ya sanduku la bangili za enzi ya Victoria

6 Januari

Kazi yenyewe ni hii. Mama mmoja wa hapa Birmingham amerithi sanduku la bangili kutoka kwa shangazi yake. Zote, kwa maneno yake, ni "za Victoria". Anataka zipangwe kwa umri, kila moja iwe na kadi na picha yake, kisha aamue zipi zibaki nyumbani na zipi ziende mnadani. Nimekubali kuifanya jioni, kwenye karakana ya mzee wangu, sonara wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa akahamia huku na wazazi wake. Kiswahili chetu ndicho lugha ya meza ile. Shajara naiandika kwa ajili ya masonara wenzangu wa Dar, Mombasa na Unguja, ambao kila nikiwatumia picha ya bangili ya kale huniuliza: umri wake umeujuaje?

"Za Victoria" haitoshi. Malkia Victoria wa Uingereza alirithi ufalme Juni 1837 akiwa na miaka 18, akafariki Januari 1901. Bibi aliyenunua bangili 1840 angeiona ya mjukuu wake ya 1895 akadhani imetoka nchi nyingine. Vitabu huigawa enzi hii mafungu matatu: ya mapenzi, hadi alipofariki Albert, mume wa Malkia, Desemba 1861, ya kati, iliyojaa weusi na dhahabu nzito kwa macho, hadi miaka ya 1880, na ya mwisho, ya vitu vyembamba. Mgawanyo huo unafaa kwa kuanzia tu, maana mitindo ilipishana na kurudiana.

Mzee ameniwekea sharti moja kabla sijafungua kitambaa. "Mwanangu, uso wa bangili ni wa mnunuzi. Mgongo ni wa fundi. Wewe soma mgongo kwanza." Kwa hiyo kila kipande kinalazwa kifudifudi kabla ya chochote: bawaba, kifungo, lehemu, chapa, unene wa bati. Nakshi zitafuata.

11 Januari

Nyoka. Nimeanza naye kwa sababu ndiye anayevutia mkono wa kila anayepita karakanani.

Ni bangili ya dhahabu ya vipande vidogo vilivyoungana kama magamba, inajizungusha mkononi bila bawaba, kichwa kinakaa juu ya mkia. Kichwa kimefunikwa feruzi ndogondogo zilizobanana, macho ni ganeti nyekundu, na mdomoni ananing'inia moyo mdogo. Feruzi nne zimegeuka kijani. Hilo ni la kawaida: jiwe lile lina vinyweleo, hunywa mafuta ya ngozi na manukato, na rangi ya samawati haitarudi. Nimemwambia mwenye mzigo asikubali mtu kuzibadilisha kwa mpya. Nyuma ya kichwa kuna kidirisha cha kioo, na ndani yake nywele za rangi ya kahawia zilizosokotwa.

Mtindo huu ulienea miaka ya 1840. Mwaka 1839 Albert alimvisha Victoria pete ya uchumba yenye umbo la nyoka na zumaridi. Nyoka aliyejizungusha alisomwa kama mapenzi yasiyo na mwisho, na feruzi zilikuwa na rangi ya ua dogo la samawati ambalo Waingereza walilipa maana ya "usinisahau". Mabibi wengi wakataka kama cha Malkia.

Ila nyoka peke yake si ushahidi wa umri. Hapa hapa Birmingham, mtaa wa Vyse, ipo Makumbusho ya Mtaa wa Masonara, ndani ya kiwanda cha Smith & Pepper. Kiwanda hicho kilianza 1899 na kufungwa 1981, nacho kilifua bangili za nyoka hadi karne ya 20 imekolea. Nyoka wa 1845 na nyoka wa miaka ya 1920 wakilala uso juu wanaweza kukudanganya wote wawili. Huyu wetu nimemtambua kwa mgongo: vipande vimekatwa na kuunganishwa kwa mkono, tupa imeacha michirizi isiyolingana, na hakuna chapa popote. Vito vingi vidogo vya wakati ule havikulazimika kupelekwa kupigwa chapa, kwa hiyo mgongo mtupu haunitishi.

18 Januari

Leo nywele.

Najua baadhi ya wasomaji wangu watakunja uso. Hata mimi sizishiki kwa raha. Lakini ndicho kipande chenye ufundi mwingi kuliko vyote sandukuni. Ni mirija mitatu ya nywele, kila mmoja myembamba kama penseli na mtupu ndani, imesokotwa pamoja, na mwishoni kuna kifungo cha dhahabu chenye herufi za majina mawili.

Ilifanyikaje? Nywele zilioshwa kwa maji ya moto yenye soda ili mafuta yatoke, zikahesabiwa na kugawanywa mafungu yaliyo sawa. Fundi alikaa mbele ya meza ya duara yenye tundu katikati. Kila fungu lilifungwa kizito cha risasi, likaning'inia ukingoni, na akawa anayavusha mafungu kwa zamu kuzunguka waya au kijiti kilichosimama katikati. Suka likikamilika, lilichemshwa pamoja na kijiti chake ili nywele zishike umbo, likakaushwa, kijiti kikachomolewa. Ndiyo maana bangili hii ikivutwa inanyooka kidogo, ikiachwa inarudi.

Watu walizifanya kwa walio hai na waliokufa. Ni kosa la kawaida la maduka kuandika "msiba" kwenye kila kitu chenye nywele. Ya msiba mara nyingi ina tarehe ya kifo au enameli nyeusi, na hii haina hata kimoja. Kuna sababu nyingine ya kazi hii kuingia majumbani: wateja walishuku kwamba maduka yakipungukiwa huongezea nywele za watu wengine, basi mabibi wakajifunza kusuka wenyewe, kisha wakapeleka suka kwa sonara aweke kifungo.

Malkia mwenyewe alikuwa na bangili ambayo Albert alimpa Novemba 1840, siku chache baada ya mtoto wao wa kwanza kuzaliwa. Kila mtoto akaongezewa moyo wa enameli wenye rangi yake na nywele zake ndani, hadi mioyo ikafika 9. Ipo katika hazina ya kifalme hadi leo.

Kadi: miaka ya 1840 hadi 1850, si ya msiba. Isioshwe kwa maji.

27 Januari

Hapa ndipo mambo yanaponoga, ingawa vipande vyenyewe havina mvuto wa nyoka.

Kuna bangili tatu pana za dhahabu, za kufunguka kwa bawaba, zinazoonekana nzito kama pingu. Ukizinyanyua, mkono unapaa. Ni tupu ndani. Bati la dhahabu jembamba lilipigwa na mashine juu ya kalibu ya chuma, likatoka nusu ya juu na nusu ya chini, zikalehemiwa pamoja. Moja imebonyea ubavuni, na hapo unene unaonekana wazi: ni kama ganda la yai.

Nimemuuliza mzee kwa nini tajiri wa Kiingereza avae kitu kitupu. Akacheka. "Tajiri gani? Huyu ni mke wa karani."

Ndiyo hasa. Hadi 1854 sheria ya Uingereza ilitambua dhahabu ya karati 22 na 18 tu. Mwaka huo zikaruhusiwa 15, 12 na 9. Dhahabu yenyewe ilikuwa imeongezeka sana sokoni baada ya California kuvumbua yake 1848 na Australia 1851. Birmingham ilikuwa na mashine za kupiga bati, na tangu 1840 akina Elkington wa mji huu walikuwa na hati miliki ya kuchovya dhahabu na fedha kwa umeme. Changanya hayo manne, utapata mke wa karani mwenye bangili pana kila mkono. Wakati ule zilivaliwa jozijozi, na mikono ya magauni ya miaka ya 1850, iliyofunguka kama kengele chini ya kiwiko, iliuacha wazi mkono wa chini uonekane.

Moja kati ya hizo tatu ina chapa ya 15 na .625, yaani sehemu 625 za dhahabu katika 1,000. Kwa sonara hii ni zawadi. Karati 15 ilianza 1854 na ikafutwa 1932, ilipoingia 14 badala yake. Kwa hiyo chapa hiyo peke yake inafunga mlango wa chini na wa juu. Ya pili ina alama ya umbo la msambamba lenye herufi pembeni, ambayo ni alama ya mchoro uliosajiliwa, iliyotumika 1842 hadi 1883. Baada ya hapo zikaja namba za kawaida. Herufi ya mwaka ikiwa pembe ya juu, ni kabla ya 1868. Ikiwa pembe ya kulia, ni 1868 na kuendelea. Yetu iko kulia.

Ya tatu haina kitu. Nimeigusa kwenye jiwe la sonara, nikatia tindikali: imechovywa tu, chini ni shaba. Mwenye mzigo alisikitika kidogo kwenye simu. Nilimwambia kwamba nakshi zake ndizo nzuri kuliko za wenzake, na sikuwa namfariji, ni kweli.

3 Februari

Weusi. Kuna bangili mbili nyeusi, zote zina karatasi ya muuzaji wa zamani iliyoandikwa "jeti ya Whitby".

Jeti ni mti wa kale uliooza chini ya bahari na kugandamizwa kwa mamilioni ya miaka hadi ukawa mweusi tii. Whitby, pwani ya Yorkshire, ndiko ilikopatikana nzuri. Albert alipofariki, Malkia aliingia weusi na hakuutoka kwa miaka yake 40 iliyobaki, na makasri yote yakamfuata. Mjane wa kawaida naye alitarajiwa kukaa eda ya nguo nyeusi kwa miaka 2 na zaidi, na mwanzoni mwake asivae kito kinachong'aa isipokuwa jeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Whitby, mji mdogo wa wavuvi, ilikuwa na zaidi ya watu 1,000 wanaochonga jeti. Soko lile kubwa lilizaa bandia: kioo cheusi, mwaloni uliotolewa kwenye matope ya Ireland, na mpira uliopikwa kwa salfa hadi ukawa mgumu kama pembe.

Bangili ya kwanza ni vibao vya mstatili vilivyopitishwa nyuzi mbili za mpira. Nyepesi, haina ubaridi ikigusa shavu, kingo za nakshi ni kali, na ikipitishwa kwenye kigae kisichong'arishwa inaacha mstari wa kahawia. Jeti.

Ya pili ni mnyororo wa pete kubwakubwa, nayo ni nyepesi na haina ubaridi. Lakini imepauka: upande uliokuwa ukipigwa na mwanga umegeuka rangi ya kahawa yenye maziwa, na ndani ya pete ambako jua halifiki bado ni nyeusi. Jeti haipauki hivyo. Nikaisugua kwa kidole gumba hadi ikapata joto, nikainusa, harufu ya kiberiti ikatoka. Mpira. Na pete zake zina mshono wa kalibu unaozunguka zote mahali pamoja. Muuzaji aliyeandika ile karatasi ama hakuwa na pua au alikuwa nayo akanyamaza.

Kadi mpya zimeandikwa. Karatasi za zamani nimezihifadhi kwenye bahasha, maana nazo ni sehemu ya historia ya sanduku.

12 Februari

Bangili ya dhahabu ya manjano iliyofifia, haing'ai, ina vichembe vya dhahabu vidogo kama mbegu za mtini vilivyopangwa mistari, na waya uliosokotwa ukingoni. Nimekaa nayo jioni nzima.

Huu ni mtindo wa kuiga makaburi. Mwaka 1836 kaburi la Waetruski, watu wa kale wa Italia, lilifunguliwa Cerveteri, karibu na Roma, likatoka na dhahabu ambayo vichembe vyake hakuna sonara wa wakati ule aliyejua vimeshikaje bila lehemu kuonekana. Ukoo wa Castellani wa Roma ukajitia kuitafuta siri. Walitafuta hata mafundi wa kijiji cha Sant'Angelo in Vado waliokuwa bado wanashika ufundi wa kizamani, na bado hawakuwafikia wale wa kale. London ikafuata kwa masonara akina Giuliano, Brogden na Phillips. Ilikuwa zama za machimbo. Henry Layard alikuwa amechimba mji wa kale wa Ninawi, na 1869 akina Phillips walimtengenezea mkewe kidani, bangili na hereni kwa mihuri ya mawe ya Mesopotamia yenyewe. Vipo Makumbusho ya Uingereza. Mwaka huo huo ukafunguliwa mfereji wa Suez, na mitindo ya Misri ikapata moto mpya.

Ufifu wa rangi ulifanywa makusudi. Bangili ilichemshwa kwenye mchanganyiko wa shura, chumvi na tindikali, shaba ya juu ikaliwa, ukabaki utando mwembamba wa dhahabu karibu safi. Utando huo haurudishiki kirahisi. Na hapa kuna mtu, miaka iliyopita, aliyetaka ing'ae: robo nzima ya bangili imepigwa brashi ya kung'arishia, utando umeondoka, vichembe vimelainika vichwa. Mzee aliiangalia kwa lenzi, akaiweka chini, akaenda kuchemsha chai bila kusema neno.

Akiki za Uskoti nimezimaliza leo pia, hazikunichelewesha: mawe ya rangi yaliyokatwa na kupangwa kwenye fedha, mtindo uliopamba moto baada ya Albert kununua kasri la Balmoral, Uskoti, 1852. Mengi ya mawe hayo "ya Uskoti" yalikatwa Idar na Oberstein, Ujerumani.

24 Februari

Fedha. Bangili pana, juu yake ndege wawili, tawi la mianzi na kipepeo, vyote vimejazana upande mmoja na upande wa pili uko wazi. Utupu ule ndio Ujapani wake. Japani ilifunguliwa kwa biashara miaka ya 1850, vitu vyake vikaonyeshwa London kwenye maonyesho ya 1862, na ndani ya miaka 20 mianzi ikawa kwenye kila kitu, hadi visu vya samaki.

Fedha ilikuwa rahisi. Nevada, Marekani, iligundua mshipa mkubwa 1859, na miaka ya 1870 nchi kadhaa za Ulaya zikaacha kuitumia kama msingi wa sarafu zao, bei ikaporomoka. Msichana wa dukani akaweza kununua.

Chapa zake zimekamilika, raha tupu: nanga ya Birmingham, simba wa fedha halali, herufi ya mwaka, na kichwa cha Malkia. Kichwa kile kilithibitisha ushuru umelipwa, na ushuru ulifutwa 1890, kwa hiyo hata herufi ikifutika unajua ni kabla ya hapo. Herufi yetu inaangukia 1884, lakini mwaka wa chapa hapa ulianza Julai, basi kadi inasema 1884–1885.

9 Machi

Zilizobaki za mwisho wa karne ni nyembamba kiasi kwamba nimezipiga picha tatu pamoja. Pete nyembamba ya dhahabu, juu yake mwezi mwandamo na nyota, au safu ya mawe madogo. Mikono ya magauni ya miaka ya 1890 ilitutumka begani na kubana kuanzia kiwiko, bangili pana ingekaa wapi? Almasi nazo zilishakuwa nyingi tangu Kimberley ya Afrika Kusini ianze kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1870. Hapa zimewekwa kwenye fedha juu na dhahabu chini, ili weupe wa fedha usitie jiwe manjano na dhahabu isichafue ngozi.

Kwenye mwezi kuna lulu nusu, zilizokatwa katikati ili jiwe moja lizae mawili. Lulu za wakati ule zilikuwa za asili, na nyingi zilitoka Ghuba, zikapitia Bombay kabla ya kufika London. Miongoni mwa waliozamia kuzitoa kule Bahrain na pwani za jirani walikuwamo watu waliotekwa Afrika Mashariki na kuuzwa Ghuba. Nimeliandika kwenye kadi. Mwenye mzigo akiona halifai kwa mnada, atalifuta mwenyewe.

15 Machi

Kipande cha mwisho ndicho chenye shughuli ya kisheria. Ni bangili ya gamba la ng'amba, aina ya kasa wa baharini, kahawia yenye mawingu ya rangi ya asali, iliyotiwa nyota na vidoti vya dhahabu na fedha. Gamba hulainishwa kwa joto, madini yakasukumizwa ndani likiwa laini, likipoa linajibana na kuyashika. Miaka ya 1870 viwanda vya Birmingham vilianza kuzifanya kwa mashine, na nyota za hii zimelingana mno kwa kazi ya mkono. Magamba yalitoka Karibi na Bahari ya Hindi, na Zanzibar ilikuwa moja ya bandari zilizoyauza. Ng'amba gani na wa wapi, hakuna alama inayosema.

Ng'amba sasa yuko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Hapa Uingereza, kitu kilichokwisha kutengenezwa kabla ya 3 Machi 1947 kinaweza kuuzwa bila cheti cha biashara, alimradi umri wake uthibitike. Kukitoa nje ya nchi ni habari nyingine, kinataka kibali. Mwenye mzigo alikuwa anafikiria mnada wa New York kwa sanduku zima. Tumekubaliana hivi: nyoka, nywele na zile nyembamba za mwezi na nyota anabaki nazo, dhahabu zilizo tupu ndani, fedha na jeti ziende mnada wa hapa hapa, ile ya mpira anampa mjukuu wake anayependa weusi, ng'amba iuzwe ndani ya nchi au isiuzwe. Ile ya shaba iliyochovywa ameiomba mzee, na amepewa.

Kadi za ng'amba na za akiki bado hazina picha. Taa ya karakana inafanya gamba lionekane plastiki, kwa hiyo nitazipigia dirishani Jumamosi asubuhi, kisha faili lote litumwe Jumatatu.